Yaki Watapita Bailey Jumamosi

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Naapa kwa goti langu la kushoto, ambalo ndilo limebaki zima, na kama nimeongeza hata neno moja, sombe, kisamvu chetu, inikwame kooni mbele ya wageni. Wapo watu hapa Buffalo watakaowaambia kwamba Mzee Revo ni muongo. Waulizeni wao walikuwa wapi siku hiyo. Watawajibu walikuwepo, wamevaa vitenge vipya, wamebeba chumvi. Sasa muongo ni nani?

Jina langu Revokatus. Nilizaliwa Burundi, nikakulia kambini Tanzania, na hapa Marekani nimeishi Louisville, nikaishi Columbus, nikaishi Buffalo, kwa mpangilio huo huo wa kupanda. Sikufanya hivyo peke yangu. Watu wetu ndivyo wanavyoishi. Vifurushi vya Krismasi vikianza kujaa kwenye maghala ya Louisville, utaona vijana wanashuka na magodoro juu ya magari. Vifurushi vikiisha, wanapanda Columbus, kwa sababu kuna binamu amesema liko ghala ambalo supavaiza wake ni mtu wa Bukavu. Joto likizidi wanapanda Buffalo, maana nyumba za huku ni kubwa na mama zao ndiko waliko. Theluji ya kwanza ikidondoka, wote wanakumbuka ghafla kwamba Louisville kuna harusi. Mimi nilistaafu, nikabaki juu.

Pembeni ya nyumba yangu, kwenye barabara ya Bailey, kuna kiwanja. Nyumba iliyokuwepo iliungua zamani, ikaacha nyasi. Mwenyewe ni bibi Mmarekani anayeitwa Lorraine, anatembea na fimbo. Alituachia kiwanja bure: mbele tunafanya sherehe, nyuma ni bustani ya Mama Nsimire, mjane wa Bushi kule Kongo, ambaye Louisville alikuwa akipanda lengalenga, yaani mchicha, kwenye ndoo juu ya roshani mpaka meneja wa jengo akamwambia atoe takataka. Huku amepata ardhi. Ana lengalenga, ana maharage, ana maboga yanayopanda uzio kama wezi.

Bibi Lorraine alitupa sharti moja tu. Kwenye fimbo yake kuna utepe mwekundu, usawa wa goti. Jumapili ya mwisho ya Juni anakuja, anaisimamisha fimbo katikati ya nyasi. Nyasi zikifika kwenye utepe, kiwanja chote anampa jamaa mmoja anayetaka kukimwagia lami aegeshe magari. Na Mama Nsimire alikwisha tangaza kanisani, mbele ya watu: "Lami ikikuja, mi naenda kwa Chimène kule Columbus. Nitakaa kwenye kanapé yake mpaka nife." Chimène ni binti yake. Na mimi nilijua kwamba Mama Nsimire akienda Columbus, lile bakuli la lengalenga analoniletea kila Jumamosi litaenda naye. Mwanamume mjane anayejipikia mwenyewe anaelewa uzito wa jambo hilo.

Nyasi tunakata kwa zamu, na mashine ni ya wote. Inalala katika chumba changu cha chini. Wiki ile ya mwisho zamu ilikuwa yangu.

Jumatatu Mama Nsimire akanisimamia mlangoni, mikono kiunoni.

"Papa Revo, ile nyasi utakata siku gani?"

"Leo leo, mama."

"Hata jana ulisema leo."

"Mashine imeugua kidogo."

"Imeugua nini?"

Ugonjwa wa ile mashine nitausema baadaye, nikilazimishwa. Wakati ule niliona si heshima kumsumbua mama wa watu kwa mambo ya injini. Nikatazama nyasi, nikatazama mawingu, na mdomo wangu ukaanza kazi wenyewe kama ilivyo desturi yake.

"Mama Nsimire, mwaka huu nyasi hizi hazikatwi. Zimewekewa wenyewe."

"Benyewe nani?"

"Yaki."

Lazima niseme kwamba jana yake mvua ilinifungia ndani, nikaangalia kwenye Yutubu video ya wachungaji wa milimani huko Asia, wanaohamisha mifugo kufuata majira. Mimi kila ninachokijua nimejifundisha mwenyewe, na nikikijua hakikai. Nikamweleza Mama Nsimire kwamba yaki ni ng'ombe aliyevaa blanketi: manyoya mpaka chini, mkia wa farasi, halii kama ng'ombe bali anaguna kama baba mkwe. Hapendi joto. Nikamwambia wenyewe ni watu wa Bhutani, ndugu zake jirani yetu Dhanmaya pale ng'ambo ya barabara, na wengi wao wanakaa Columbus. Wakati wa baridi wanawashusha yaki Louisville, malisho ya chini. Majira yakigeuka wanawapandisha Columbus, malisho ya kati. Na Juni ikifika wanawaleta Buffalo, malisho ya juu.

"Buffalo iko juu ya nini?" akauliza.

"Angalia ramani, mama. Louisville iko chini, Columbus katikati, sisi juu kabisa. Juu yetu ni Wakanada tu."

Akaihesabu ile miji mitatu kwa vidole. Nilipoona anafikiri nikajua nimeshinda, nikaongeza kidogo. Nikasema wanatembea kando ya barabara kuu, polisi anawatangulia na taa, na penye kulipia njia wanalipa siagi. Nikasema nilipokuwa Columbus, yaki mmoja alipotea akaingia ghalani kwetu. Wakampa fulana ya kazi. Alifanya wiki mbili, hakuomba kwenda chooni hata mara moja, wakampandisha cheo akawa supavaiza, na wallahi alikuwa mpole kuliko yule aliyemtangulia.

"Na bile biyaki bitakula hii nyasi yote bure?"

"Bure. Jumamosi wanapita Bailey. Jumapili bibi akija na fimbo yake, atakuta zulia."

"Na lengalenga yangu?"

"Yaki hali cha mwenzake. Ana sheria kuliko sisi."

Nilidhani yataishia hapo. Nilitaka siku mbili tu, nitafute fundi wa mashine. Lakini Mama Nsimire alimwambia Paluku, na Paluku ni rais. Rais wa nini, inategemea ni siku gani, lakini suti anayo na mkoba anao. Alasiri alikuwa amekaa sebuleni kwangu na watu kumi nyuma yake, na mmoja wao ni Liberati, Mrundi mwenzangu, mzee wa ng'ombe, ambaye tangu avuke bahari hajagusa pembe.

"Bon," akasema Paluku. "Papa Revo, hii habari ya biyaki ni kubwa. Haiwezi kufika hivi hivi bila protokoli. Donc, tunataka kujua desturi yao, tusipate haya."

Jamani, mtu akiulizwa desturi mbele ya watu kumi anafanyaje? Nikawaeleza yale niliyoyaona kwenye video, na mengine niliyoona yangefaa kuwemo. Kwamba malisho ya juu ni ya wote, hakuna anayeyagusa kabla ya siku iliyokubaliwa. Anayeyagusa mapema, hata kwa jani moja, anatozwa faini. Kwamba siku yenyewe wazee hukaa, wakagawana pande, na mwenye mifugo mingi hamsukumi mwenye michache.

Liberati akafuta jicho. "Hao ni watu," akasema. "Hao ni watu hasa."

"Na kama mifugo haikufika?" akauliza Mama Nsimire kutoka jikoni. "Malisho imefungwa, siku imefika, na biyaki hakuna. Desturi inasema nini?"

Sebule nzima ilinigeukia. Ningeweza kusema sijui. Neno hilo ni fupi, na watu wengine wanalitumia bila kuumia.

"Hapo," nikasema, "yule aliyeahidi mifugo anakuwa yeye mwenyewe yaki. Anavishwa manyoya, anafungwa kengele, anaingizwa malishoni, na hatoki mpaka nyasi ziishe."

Walicheka mpaka Paluku akashika tumbo. Mama Nsimire hakucheka. Alikuwa anasikiliza.

Kuanzia hapo mambo yalitoka mikononi mwangu. Jumanne kulikuwa na kamati ya mapokezi. Jumatano kulikuwa na kamati mbili, kwa sababu Wakongo walisema yaki wanatoka Louisville, na Louisville ni ya Wakongo, kwa hiyo yaki ni wageni wao. Warundi wakasema Wakongo wanajua nini kuhusu ng'ombe zaidi ya kumpika. Jioni kwaya ikajitenga na kamati zote mbili ikawa kamati ya tatu. Kitenge kilichaguliwa, kikakataliwa, kikachaguliwa tena kile kile. Liberati alianza kutunga sifa, kama wanavyosifiwa ng'ombe kwetu, na kila asubuhi alinipigia kuniuliza kama yaki ana nundu.

Alhamisi nilipigiwa simu kutoka Louisville na mtu nisiyemjua.

"Mzee, umesikia? Yaki wanapanda kwenu!"

"Nani kakwambia?"

"Shemeji yangu kawaona kwa macho yake Columbus, kwenye kituo cha petroli. Wanaoshwa miguu."

Nilikata simu nikakaa kitini. Niliogopa kidogo. Nikajiuliza, je, isije ikawa kweli?

Wakati huo huo nyasi zilikuwa zinakua. Nyasi za Buffalo, zikijua msimu wao ni mfupi, hazipumziki. Jumatano zilikuwa chini ya goti kwa vidole vinne. Ijumaa vilibaki viwili. Fundi niliyempelekea mashine aliinusa, akaniuliza kama nina njaa, akanirudishia.

Ijumaa mchana nikapata tumaini. Nilimwona Liberati anatoka kwake na fyekeo begani. Alikuwa amekuja kupunguza nyasi pembeni, yaki wapate pa kulala. Nikasema moyoni, Mungu ni mkubwa, mzee huyu akianza pembeni nitamsifia mpaka afike katikati. Akainua fyekeo, akafyeka mara moja.

"Simama!" Paluku alitokea nyuma ya maboga na filimbi mdomoni. "Malisho imefungwa! Papa Liberati, unavunja desturi ya wageni?"

"Napunguza tu, rais."

"Hata jani moja! Papa Revo mwenyewe alituambia. Si kweli, Papa Revo?"

Nikatazama fyekeo. Nikatazama bustani ya Mama Nsimire, yale maboga, ile lengalenga inayong'aa kwa maji aliyoimwagia asubuhi. Kama ningesema "mwache akate", ningeulizwa kwa nini.

"Kweli, rais," nikasema.

Liberati akatozwa faini kreti ya soda, akailipa kwa furaha, akisema kwamba hata kwao enzi za mababu ilikuwa hivyo hivyo.

Jumamosi ilikuwa na jua la kutosha. Walikuja wote. Waliotoka mtaa wa Lower West Side walikodi basi dogo. Kutoka Amherst, kitongoji cha wenye nazo, alikuja daktari wa vyuo vikuu, amevaa viatu vyeupe, akasema anakuja kama mtafiti. Kwaya ilijipanga, vitenge vilivyofanana, rangi ya chungwa, vinauma macho. Mabeseni ya maji yalipangwa kando ya barabara, na magunia ya chumvi, kwa sababu nilikuwa nimesema yaki anapenda chumvi. Katikati walikuwa wameziacha nyasi zimesimama, nzuri, ndefu, zinacheza na upepo kama hazina habari.

Saa nne hakuna yaki. Saa sita hakuna yaki. Kwaya ikaimba nyimbo zote inazozijua, ikarudia. Kila lori lililopita Bailey watu walisimama.

"Labda polisi wamewasimamisha," nikasema.

"Ulisema polisi njo anabatangulia," akajibu Mama Nsimire. Alikuwa amekaa karibu na uzio wake, hajavaa kitenge kipya. Alikuwa anazitazama nyasi, si barabara. "Kesho bibi anakuja, Papa Revo."

Ndipo jirani yetu Dhanmaya akatoka ng'ambo na kiti chake cha plastiki, akaja kuona sherehe. Ni mwanamke mfupi, ana pete ya puani, anabadilishana pilipili na Mama Nsimire juu ya uzio. Kiingereza chake na cha Paluku vyote vinachechemea, kwa hiyo walielewana vizuri. Paluku aliinama, akamkabidhi maua.

"Mama, wewe ni mutu wao. Watafika saa ngapi?"

"Nani?"

"Ndugu zako. Wenye yaki."

Dhanmaya akayatazama maua, akautazama umati, akayatazama mabeseni.

"Yaki mimi nimemwona kwenye televisheni," akasema. "Hapo kwangu, sebuleni. Sisi kwetu ni chini, kuna joto. Tulilima machungwa na iliki. Halafu tulifukuzwa, tukakaa kambini miaka na miaka. Kambini yaki atatoka wapi?" Akanigeukia mimi, maana alikwisha jua ni nani aliyeyatunga hayo. "Revo, na wewe simba wako umemfunga wapi?"

Kiwandani Louisville kulikuwa na bwana aliyeniuliza kama kwetu tunapanda simba. Nilimjibu tunao wawili, mmoja wa kwenda sokoni na mmoja wa kwenda kanisani. Nilimcheka mwaka mzima. Dhanmaya naye alicheka sasa, bila ubaya wowote, na mimi nikakosa pa kuweka uso.

"Bon," akasema Paluku, na sauti yake haikuwa ya rais tena. "Lete mashine."

"Mashine ni mgonjwa."

"Tutaiombea. Lete."

Vijana walishuka wakaipandisha. Paluku akavua koti, akashika kamba, akavuta. Kimya. Akavuta tena. Mara ya tatu mashine ilikohoa, ikatoa moshi mzito wa rangi ya kutu, na ule moshi ukatembea juu ya Bailey yote. Harufu yake ilikuwa ya sombe iliyoungwa vizuri, sombe ya siku ya ubatizo. Watoto walikimbilia sahani. Daktari wa Amherst alifumba macho akasema, "Mama yangu."

Mama Nsimire alisimama polepole. Akanusa mara moja tu.

"Mawese yangu."

Sasa nimelazimishwa, kwa hiyo nasema. Kule chini kwangu, karibu na mashine, lilikuwepo dumu la mawese ambalo Mama Nsimire aliniwekea, maana nyumba yake ina joto. Mashine ilikuwa imekauka mafuta. Pale kwenye kifuniko pameandikwa mafuta. Hapakuandikwa ya nani wala ya nini. Mawese ni mafuta. Mtu anayejifundisha mwenyewe hufika mahali akalazimika kuamua.

"Yote?" akauliza.

"Mashine ilikuwa na kiu, mama."

"Ile mawese ilitoka Uvira. Ilipita mikono ya watu saba mpaka kufika hapa. Nilikuwa naiweka kwa harusi ya Chimène." Hakupaza sauti. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye bustani. "Na kesho hii yote ni lami. Kwa sababu ulipata haya kusema 'nimeharibu mashine'. Tungekata na mikono, siku ile ile. Tuko wengi."

Hakuna aliyecheka.

Liberati akamgeukia Paluku. "Rais," akasema taratibu, "desturi ya malisho inasemaje kwa aliyeahidi mifugo?"

Sikuwahi kuona kamati tatu zikikubaliana haraka namna ile. Kengele ilitoka darasa la Jumapili. Manyoya yalikuwa blanketi la kahawia alilopewa Paluku uwanja wa ndege siku alipofika Marekani, ambalo hakuwahi kulitumia kwa sababu lilikuwa linabwekewa na mbwa wote. Walinivisha, wakanifunga kengele shingoni kwa utepe wa kitenge, wakaniwekea fyekeo la Liberati mkononi.

"Na mimi nina goti," nikasema.

"Yaki ana miguu mine," akajibu Mama Nsimire. "Shuka."

Nikashuka. Nilifyeka tangu saa nane, jua juu ya manyoya, kengele inalia kila nikisogea. Kila nilipotaka kupumzika, kwaya ilianza wimbo. Liberati hakutaka kazi yake ya wiki ipotee: alisimama mbele yangu na fimbo, akanisifu kwa Kirundi kuanzia kwato mpaka nundu, akanipa mama na bibi wasioshindwa vitani. Dhanmaya alileta chai. Wale vijana waliotaka kunisaidia Paluku aliwapigia filimbi. Basi la Lower West Side lilichelewa kuondoka, watu walikataa kupanda.

Jumapili, baada ya ibada, nilikuwa bado namalizia ile pembe ya mwisho karibu na maboga. Bibi Lorraine alishuka garini. Akatembea mpaka katikati, akasimamisha fimbo. Watu wote walikuwa wamejipanga. Nilimwona Mama Nsimire ameshika uzio kwa mikono yote miwili.

Utepe mwekundu ulikuwa juu kabisa, peke yake, nyasi ziko chini kwenye ncha ya fimbo.

"Vizuri," akasema bibi. "Mwakani tena." Halafu akaniona, na blanketi, na kengele. Akanizunguka kidogo. "Niliambiwa watakuja wengi. Na nilidhani watakuwa wakubwa zaidi."

Alipoondoka ndipo walipocheka. Mama Nsimire aliachia uzio, akavuka nyasi akaja mpaka pale nilipopiga magoti. Mkononi alikuwa na chumvi ya gunia.

"Mawese utanitafutia, Papa Revo. Ya Uvira, si ya dukani. Chimène anaolewa Oktoba."

"Nitatafuta, mama."

"Na mashine utanunua."

"Nitanunua."

Akaninyooshea kiganja kilichojaa chumvi, mbele ya kamati zote tatu.

"Haya. Si unapenda?"

Kengele ikalia nilipoinama. Nikailamba.